Marlys Haugen Alivyofagia Kompyuta

Marlys Haugen hakuwa mtu wa kuacha uchafu ulale. Hapa Lindfors, kaskazini mwa Minnesota, sote tuna ugonjwa huo wa kusafisha nyumba kabla mgeni hajafika, na mgeni akishaingia tunamwomba radhi kwa vurugu ambayo haipo. Lakini Marlys alizidi. Fundi akiitwa kuzibua sinki, Marlys alilisugua kwanza. Siku aliyopelekwa hospitali kukatwa kidole tumbo, alijikunja kwa maumivu mlangoni na bado akamsimamisha mumewe Orrin mpaka blanketi la kochi likunjwe, maana huwezi kujua nani atapita kuangalia nyumba.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa barua ya mawakili.

Alikuwa meneja wa ofisi katika kiwanda cha Brekkhus, kinachotengeneza majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto. Kila simu iliyoingia kiwandani ilipita sikioni mwake kwanza. Yeye ndiye aliyeshughulikia mishahara, maua ya misiba, keki za siku za kuzaliwa, na kile chakula cha mchana cha kuchangiana ambacho kila mwezi humlazimu mtu mmoja kuuliza wenzake nani analeta nini, na wenzake kujibu wote kwa pamoja mpaka barua moja inakuwa mkia wa barua arobaini.

Januari ile nyumba moja iliungua nje kidogo ya Bemidji. Ilikuwa ya akina Croteau, mtu na mkewe. Hakufa mtu, lakini Bwana Croteau, ambaye alikuwa seremala, aliungua mikono kiasi kwamba nyundo hakuishika tena. Walidai kwamba mlango wa jiko la Brekkhus ulifunguka wenyewe usiku, makaa yakamwagika kwenye zulia, na kwamba kampuni ilijua siku nyingi kuwa komeo la mlango ule ni bovu. Kampuni ikajibu kwamba haikujua. Kesi nzima ilisimama hapo: walijua, au hawakujua?

Mwezi Machi ikaja ile barua kutoka kwa wakili wa kampuni, Corinne Adair wa Minneapolis. Ilikuwa ndefu, ila kiini chake kiliandikwa kwa herufi nzito: asifute, asibadilishe wala asitupe mtu chochote kinachohusiana na jambo hili, kiwe kwenye karatasi, kompyuta au simu. Marlys aliisoma, akaichapisha, akaibandika ukutani juu ya meza yake. Aliielewa vizuri kabisa, au ndivyo alivyodhani. Vitu vinavyohusiana na jambo hili ni vitu vya majiko. Hivyo hangevigusa hata kwa ncha ya kidole.

Ijumaa, bosi wake Gaylen Brekkhus akapitisha kichwa mlangoni. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kiwanda alichorithi kwa baba yake na woga wa kila kitu chenye vitufe.

"Marlys, yule wakili anakuja Jumatatu. Anataka kuona tunaweka vitu wapi. Kompyuta, simu, kila mahali."

"Yangu pia?"

"Yako hasa. Si wewe ndiye unayejua kila kitu humu?"

"Gaylen, barua pepe zangu ni aibu tupu. Sijazipanga tangu mwaka juzi."

"Zangu sijazipanga tangu zianze. Usijali bwana, wewe andaa kahawa tu."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, na mimi simlaumu Marlys peke yake. Ukimwambia mwanamke wa Lindfors kwamba mgeni anakuja Jumatatu na ataingia mpaka chumbani, kisha ukamwambia aandae kahawa, umemwambia asafishe. Jumamosi asubuhi Marlys alifungua ofisi kwa ufunguo wake, akawasha redio, akafunga kitambaa kichwani kama vile kompyuta ina vumbi, akaanza kazi.

Alifuta keki zote za siku za kuzaliwa. Alifuta "nani ameacha taa za gari zikiwaka," matangazo ya viatu, vichekesho vya mhandisi Verlyn Skogmo ambavyo havikuwa vya kusomwa na mgeni, na ile mikia yote ya nani analeta maharage na nani analeta viazi vya kuoka. Zile za majiko akaziburuta moja moja, akazitia kwenye folda mpya aliyoiita KWA WAKILI, zikiwa zimepangwa kwa mwaka, na mafaili yenye majina ya ovyo akayapa majina yanayoeleweka. Mwisho akamwaga kapu la taka la kompyuta, kwa sababu hakuna anayekaribisha mgeni na kapu limejaa. Alirudi nyumbani mwepesi, akala vizuri, akalala kama mtoto.

Corinne Adair aliwasili Jumatatu akiwa na viatu visivyojua theluji. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sauti ya chini, macho yaliyochoka kwa adabu. Alikuja na Tou Vang, fundi wa kompyuta kutoka Saint Paul, kijana mtulivu aliyekuwa akiihudumia mitambo ya Brekkhus kwa mkataba. Marlys akawakatia keki ya tufaha. Wakili akamuuliza alichowauliza wote: anaandikia wapi? Barua pepe, sawa, na simu je? Kuna kompyuta nyumbani? Vikaratasi vya kubandika? Marlys akajibu kila swali, akingojea kwa hamu lile atakaloweza kujivunia. Lilipochelewa, akalitoa mwenyewe.

"Mimi nimekurahisishia kazi. Nimeshasafisha."

Corinne akaacha kijiko kwenye kikombe. "Umesafisha nini, Marlys?"

"Takataka tu. Za majiko sijatupa hata moja. Ziko kwenye folda yako hapo, zote, kwa mwaka."

"Ulisafisha lini?"

"Juzi Jumamosi."

"Na barua yangu ulikuwa umeipata?"

"Ndiyo. Si hiyo hapo ukutani."

Wote watatu wakaitazama barua ukutani. Tou Vang akaweka chini keki yake. Corinne akainuka, akafunga mlango polepole, akarudi kukaa.

"Nisikilize vizuri. Hizo ulizofuta, nani aliamua kwamba ni takataka?"

"Mimi."

"Basi hilo ndilo tatizo."

"Lakini si zangu? Mimi ndiye ninayejua kilichomo."

"Wewe unajua. Mimi nakuamini. Ila wale wa upande wa pili hawakujui. Wao watakachoona ni kwamba mtu ameambiwa asifute, na siku chache baadaye amefuta mamia. Na hizo ulizozipanga, uliyabadilisha majina?"

"Yale mabaya tu."

Corinne akaandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari. Marlys aliutazama ule mstari. Akilini mwake alirudia jambo lilelile na halikuleta maana: alikuwa amefanya kazi Jumamosi, bila malipo, na kwa sura ya wakili ungedhani amechoma kanisa.

Tou alikaa kwenye mtambo mpaka jioni. Kampuni ilikuwa na mashine moja kuukuu kabatini ya kutunzia barua zote, iliyojaa siku zote, na Tou alikuwa ameipanga zamani iwe inateketeza moja kwa moja kinachomwagwa kutoka kwenye kapu. Nakala ya akiba nayo ilijiandika upya kila Jumapili, juu ya ile ya wiki iliyotangulia. Jumapili ilikuwa imeshapita.

"Ijumaa wakili aliniambia nizuie mashine isifute barua za zamani yenyewe, nikaizuia," Tou alimwambia Marlys, akikwepa macho yake. "Ile nakala ya Jumapili niliisahau, kosa langu. Na wewe, Bi Marlys, sikufikiria kukuzuia."

"Kwani mimi ni mashine?"

"Hapana. Mashine ingesikia."

Aliposikia mwenyewe alichosema akaomba radhi, na Marlys akacheka kidogo kwa heshima yake. Usiku ule alimwambia Orrin, na Orrin akasema si jambo la kumnyima mtu usingizi, halafu akalala. Yeye hakulala.

Gaylen aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama ni lazima upande wa pili waambiwe. Corinne akasema ni lazima, tena wiki hiyohiyo, kwa sababu wakijivumbulia wenyewe itakuwa maji ya shingo. Basi wakaambiwa. Wakili wa akina Croteau, Bwana Pruitt, akamwandikia jaji kurasa nyingi, na katika kurasa hizo jina la Marlys Haugen lilitajwa pamoja na neno "kuharibu ushahidi." Marlys alizisoma amesimama. Alikuwa amefundisha watoto wa kanisani wasiseme uongo, amehesabu sadaka, amekaa na funguo za watu watatu mtaani wanaosafiri wakati wa baridi. Hakuwahi kujiona ameandikwa hivyo.

Corinne alimweleza kilichokuwa mezani, na alimweleza taratibu, mara mbili. Jaji angetaka kujua jambo moja: Marlys alifuta kwa kusudi, ili kuficha, au alifuta bila kujua? Ikiwa ni kwa kusudi, jaji anaweza kuwaambia wazee wa baraza kwamba wachukulie zile zilizofutwa zilikuwa mbaya kwa kampuni. Hapo kampuni imeshindwa kabla shahidi hajafungua mdomo.

"Kwa hiyo kila kitu kiko juu yangu," Marlys alisema.

"Kiko juu ya kama wanakuamini."

"Watu wote huwa wananiamini."

"Najua," Corinne akasema. "Lakini watu hao wako hapa."

Kazi ikawa kutafuta nakala kwingine. Barua pepe ina mwandikaji na waandikiwa, na alichofuta Marlys huenda kilibaki kwa wenzake. Corinne akatunga orodha ya maneno ya kutafutia: moto, mlango, komeo, kuungua, moshi. Kompyuta za Minneapolis zikameza barua za kiwanda kizima na kutapika zile zenye maneno hayo, na vijana wa ofisi ya wakili wakakaa kuzisoma. Kwa siku kadhaa walisoma habari za viazi vya LaVonne wa stoo vilivyoungua chini, supu iliyofika ingali moto, na mtu aliyeacha mlango wa friji wazi. Mmoja wao alimpigia Marlys kumuuliza kwa uzito kabisa, "moto wa Ole" wa tarehe fulani ulihusu jiko la aina gani. Marlys akamjibu kwamba Ole ni mfanyakazi mwenzao, na siku ile alikuwa na homa.

Kilichomchanganya zaidi ni kujua kipi ni siri na kipi si siri. Barua alizoandikiana na Corinne zilifichwa, upande wa pili wasizione kabisa, hata ile ya kuuliza maegesho ya magari. Lakini ile aliyomwandikia LaVonne kuhusu uvimbe wa titi lake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa na neno "kuungua," mgeni aliisoma Minneapolis akiwa na kikombe cha chai mkononi. Wakaiweka kando baadaye, ndiyo. Lakini ilikuwa imeshasomwa. Marlys aliuliza ni sheria gani hiyo. Corinne akasema ndiyo sheria ilivyo, na kwa sura yake haikuwa mara ya kwanza kuulizwa.

Wokovu ulitoka kwa Verlyn Skogmo. Verlyn ndiye mhandisi aliyechora milango ya majiko, na alikuwa mtu mchafu kuliko wote kiwandani. Gari lake lilijaa vikombe vya kahawa vya tangu miaka ya nyuma, meza yake haikuonekana rangi, na tangu apewe kompyuta hakuwahi kufuta chochote. Marlys alikuwa amemsumbua kwa hilo miaka na miaka.

"Zote ziko kwangu," Verlyn alimwambia, ameegemea mlango wake, anajitahidi asitabasamu. "Keki zako, taa za magari, maharage. Yule Tou amezikuta zote kwenye jalala langu, ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, ambako ile mashine ya kabatini haifiki."

"Zote kabisa?"

"Kila ulichoniandikia maishani. Sasa sema tena mimi ni mchafu."

"Wewe ni mchafu, Verlyn. Mungu akubariki."

Alimkumbatia, jambo ambalo huku halifanywi ofisini, na Verlyn akasimama kama mlingoti mpaka lilipokwisha. Wiki ile Marlys alitembea na roho nyeupe. Aliwaambia LaVonne na Gaylen, akamwambia Orrin mara mbili: sasa wataona wenyewe. Watasoma maharage mpaka wachoke, na yule Pruitt atajua kwamba takataka ni takataka.

Corinne akamwita chumba cha mikutano. Kulikuwa na karatasi moja mezani, imegeuzwa uso chini.

"Isome bila haraka," akasema, akaigeuza.

Ilikuwa barua yake Marlys, ya Novemba, miezi miwili kabla ya moto wa akina Croteau. Ilikuwa katikati ya mkia wa chakula cha kuchangiana, imetumwa kwa Verlyn na wengine sita. Iliandikwa hivi:

"Verlyn, wewe leta maharage, na safari hii yaive. Halafu yule Bi Croteau wa Bemidji amepiga tena, anasema mlango wa jiko unafunguka wenyewe. Nimemwambia aubane vizuri. Nani ana sufuria kubwa?"

Chini yake Verlyn alikuwa amejibu: "Sawa, maharage."

Marlys aliisoma, akaisoma tena. Maneno yalikuwa yake. "Yaive" ilikuwa yake, hakuna mwingine aliyemtania Verlyn hivyo. Alitafuta kichwani mwake sauti ya mwanamke wa Bemidji, simu, siku yenyewe, na hakupata kitu. Alikumbuka sufuria. Ilikuwa ya LaVonne, ina mpini uliolegea.

"Sikumbuki," alisema.

"Nakuamini."

"Corinne, sikumbuki hata kidogo. Ningekumbuka mimi. Imeandikwa 'tena.' Kwa hiyo alipiga kabla ya hapo?"

"Inaelekea hivyo."

Waliitwa Gaylen na Verlyn. Gaylen alisoma, akakaa, akashika tama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ingekuwa heri jalala la Verlyn lingefagiwa nalo, na Corinne akamwambia atajifanya hakusikia hilo na asilirudie popote. Karatasi ile ilikuwa inakwenda kwa Pruitt. Verlyn alikuwa bado ameishika.

"Mimi nilisoma maharage," akasema. "Nilisoma mpaka maharage nikajibu."

Marlys alikuwa anafikiria jambo jingine, na kadiri alivyolifikiria ndivyo kichwa kilivyomzunguka. Barua zilipokuwa zimepotea, alikuwa mwanamke mjinga aliyefuta maharage. Sasa zimepatikana, amekuwa mwanamke aliyefuta barua moja ya hatari kuliko zote, akaizungushia maharage. Ukweli wake haukubadilika hata chembe, na kila ulipothibitishwa ulizidi kufanana na uongo.

Kiapo kilipangwa Oktoba, katika chumba cha kukodi mjini Bemidji, si mahakamani. Ndivyo inavyofanyika: wakili wa upande wa pili anakuuliza atakacho kabla ya kesi yenyewe, umeapa, na karani anaandika kila neno. Corinne alimtayarisha kwa siku mbili jikoni kwake Marlys, baada ya Marlys kuomba radhi kwa vurugu.

"Ukiulizwa jina lako, taja jina. Usitaje la mumeo. Ukiulizwa kama una saa, jibu ndiyo au hapana. Usimwambie saa ngapi."

"Huo si utovu wa adabu?"

"Ndiyo kiapo. Usimsaidie. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Najua ninyi watu wa huku kimya kinawawasha, mnataka kukijaza. Usikijaze."

"Na ile simu?"

"Unaikumbuka?"

"Hapana."

"Basi ndilo jibu. Sikumbuki. Ni kweli, na linatosha."

"Lakini si ndivyo wanavyosema waongo?"

Corinne alifikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Ni maneno yaleyale."

Marlys akamwongezea kahawa, kwa kukosa la kufanya. Alitaka kuambiwa wanatofautishwaje, yule asiyekumbuka na yule anayeficha, na alidhani mtu aliyesoma sheria miaka yote ile angekuwa na jibu. Corinne akageuza ukurasa, wakaendelea na mazoezi.

Siku yenyewe chumba kilikuwa na meza ndefu, karani na mashine yake ndogo, na kamera iliyomtazama Marlys usoni. Pruitt alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya mtu anayekuuliza habari za nyumbani, na hilo lilimtisha Marlys kuliko makelele. Kando yake alikaa mwanamke mwembamba wa makamo, nywele zimefungwa nyuma, sweta la kijivu. Hakutambulishwa, ila hakukuwa na haja. Alikuwa Janelle Croteau.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Marlys alitaja jina lake bila la Orrin. Alieleza Jumamosi yake, redio, folda, kapu. Pruitt akamuuliza kama ni mazoea yake kwenda kazini Jumamosi kufuta barua, akasema hapana. Akamuuliza kwa nini siku ile. Akasema mgeni alikuwa anakuja. Karani, mwanamke wa Bemidji, aliinua macho kidogo, na Marlys akaona kwamba angalau mtu mmoja chumbani ameelewa.

Kisha Pruitt akamsogezea ile karatasi.

"Hii uliiandika wewe, Bi Haugen?"

"Ndiyo."

"Na hii ni miongoni mwa zile ulizofuta."

"Ndiyo."

"Uliifuta kwa sababu ulijua kilichomo?"

"Hapana. Sikujua kama hilo limo."

"Hukujua kilichomo katika barua uliyoiandika wewe."

"Hapana."

"Unaikumbuka simu ya Bi Croteau?"

"Sikumbuki."

"Na ile ya kwanza kabla ya hiyo?"

"Sikumbuki."

Mwanamke wa sweta la kijivu akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa bei ambayo aliitegemea. Marlys aliona, na uso ukamwaka.

"Basi kwa jinsi unavyojua wewe," Pruitt akasema, akitazama karatasi zake, "huwezi hata kusema kama Bi Croteau aliwahi kukupigia kweli."

Ulikuwa mlango umeachwa wazi, na hata Marlys aliuona. Corinne alikuwa amemwambia kuhusu milango ya namna hiyo: kazi yake ni kusema "siwezi" na kunyamaza. Lingekuwa jibu la kweli. Kampuni ingelishika hilo, Gaylen angelishika, kiwanda chote. Corinne aliweka kalamu yake sawa na ukingo wa daftari.

Marlys akanyamaza. Pruitt naye akanyamaza. Kimya kikakaa mezani, na kikamwasha.

"Alipiga," Marlys alisema.

"Marlys," Corinne akasema taratibu.

"Alipiga, bwana. Mimi siandiki vitu ambavyo havikutokea. Mara mbili, kama nimeandika 'tena' basi ni mara mbili. Wanaonipigia wakilia nawakumbuka. Wanaonitukana nawakumbuka mpaka leo, naweza kukutajia majina. Huyu simkumbuki, kwa hiyo alikuwa mstaarabu. Hakupaza sauti. Nilimwambia aubane mlango, akakubali, nikakata simu nikaendelea na maharage."

Corinne alisema kwamba shahidi amejibu zaidi ya alichoulizwa, ili liandikwe. Pruitt alikuwa ameacha kutazama karatasi zake. Marlys alijua amefanya nini. Alijua kwa Gaylen, kwa Verlyn, kwa watu wote waliokula yale maharage. Lakini alikuwa anamtazama yule mwanamke tu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi kulikuwa na mtu wa upande wa pili aliyemwamini.

Janelle Croteau hakuruhusiwa kusema. Pruitt alimgusa mkono kumzuia, lakini yeye hakujali.

"Nilikuambia asante," alisema. "Na wewe ukanitakia wikendi njema. Mara zote mbili."

"Ndivyo ninavyowaambia wote," Marlys akasema, na karani akaliandika hilo nalo.